Albano Nambunga, Dobi wa Marubani

Poleni kwa jua, poleni kwa msiba. Anayewasomea ni Auleria, mtoto pekee wa marehemu aliye hai. Wasifu huu nimeupiga taipu mwenyewe jana jioni, na kabla sijaanza lazima mjue kwamba upo mwingine. Mjomba wangu Gozbert, kaka yake mama, aliniletea wa kwake, pamoja na msalaba uliokwisha kupakwa rangi, umechorwa ndege na kuandikwa "Rubani wa Vita Kuu". Wasifu wake sikuumaliza. Nilifika mahali ambapo marehemu anapaa juu ya Rufiji nikaukunja. Marehemu hakupaa hata siku moja. Alikuwa dobi. Kabla udongo haujarudishwa inabidi tukubaliane tunamzika nani, na mimi nimekuja kumzika baba yangu.

Albano Nambunga alizaliwa mwaka 1895 katika kijiji kimoja karibu na Lukuledi, upande wa Masasi, mtoto wa tatu wa Mzee Nambunga na Bibi Tabu. Tarehe haikuandikwa popote, ila Bibi alikuwa akisema ulikuwa msimu wa kuvuna mtama. Vita vya Majimaji vilimkuta ana miaka kumi. Vilimchukua baba yake, na njaa iliyofuata ikawachukua ndugu zake wawili. Mama yake alimpeleka misheni, na hakuficha sababu: mtoto akale.

Huko misheni alisoma miaka minne, akabatizwa Pasaka ya mwaka 1908. Hesabu ilimshinda, na kuimba kulimshinda zaidi. Lakini sista mmoja mzee, Mjerumani, alimwona anavyokunja shuka za wagonjwa akamwingiza chumba cha kufulia. Alijifunza kuchemsha kitani, kutia wanga na buluu, na kupiga pasi ya mkaa juu ya mavazi ya altare bila kuacha alama. Sista alimwambia doa si aibu, aibu ni kuliacha. Baba aliyarudia maneno hayo nyumbani mpaka tukayachoka.

Mwaka 1913 alichukuliwa kisiwani Mafia na Mjerumani mwenye shamba la minazi. Januari 1915 Waingereza walikiteka kisiwa, bwana shamba akapelekwa kifungoni, dobi akabaki na pasi yake. Waingereza nao walikuwa na nguo chafu, basi wakamwajiri.

Hapa ndipo uongo ulipoota, kwa hiyo nitakwenda polepole. Meli ya kivita ya Wajerumani ilikuwa imejificha ndani ya mikoko ya Rufiji, na manowari za Waingereza hazikuweza kuiona. Zikaletwa ndege za kutua majini, ambazo badala ya magurudumu zilikuwa na viatu virefu vya mbao kama mitumbwi miwili. Ndege zenyewe zilikuwa mbao, waya na kitambaa. Joto la Mafia liliyeyusha gundi, viatu vikabanduka, na lile panga la mbao linalozunguka mbele likapasuka. Asubuhi nyingine ndege ilikimbia juu ya maji, ikarudi, ikakimbia tena, isinyanyuke hata kimo cha dari. Rubani alivua buti na kuzitupa ufukweni apunguze uzito, lakini wapi.

Na injini za ndege hizo zilikunywa mafuta ya mbarika. Ndiyo, mbarika hiyo hiyo ambayo mama zenu waliwatia kinywani wakiwabana pua, tumbo lilipofunga. Injini ilizunguka mwili mzima pamoja na panga, ikiyarusha mafuta nyuma, usoni kwa rubani. Muda wote alipokuwa angani aliyameza na kuyavuta puani. Nyie mlipewa kijiko kimoja na mnakumbuka kilichofuata. Fikirini bakuli. Masimulizi ya mashujaa hayasemi wale vijana walivyokuwa waliposhuka. Baba yangu alijua, maana suruali zilikuja kwake. Asubuhi aliwabeba mgongoni kutoka ufukweni hadi kwenye ndege, wasilowe miguu kwa maji ya bahari, na mchana akawapokea wakiwa wamelowa kwa mengine.

Naona baadhi yenu mmeanza kukunja nyuso. Vumilieni. Yeye alivumilia.

Siku za mwanzo, yeye na wenzake waliposikia harufu ile kambini, waliamini Wazungu wote wamefunga choo na wanajitibu kupita kiasi. Albano aliwaonea huruma. Alichuma majani ya mpera, yale ya kuzuia kuhara, akayachemsha, akampelekea rubani mmoja kijana aliyekuwa amelala chini ya turubai, hana hata nguvu ya kufunga mkanda. Mpishi wa kambi alimkimbilia.

"Wewe dobi, utamuua mtu wa watu! Utanyongwa!"

"Nisipompa nitakufa mie," Albano akamjibu, "kwa kufua."

Kijana alikunywa, akapata nafuu, na kesho yake aliomba tena kwa ishara ya mkono. Tangu hapo birika la majani ya mpera halikukosekana pale kambini. Mwezi Julai mwaka ule meli ikaangamizwa, ndege ikiwaonyesha wapiga mizinga pa kulenga. Waliopaa walisifiwa, na walistahili, kwa sababu kupanda kitu kile kulitaka moyo. Birika halikutajwa, wala baba hakudai litajwe.

Vita vilipokwisha alifanya kazi Kilwa, kisha mwaka 1921 akaja Dar es Salaam, akajenga Kurasini. Alifua Mtoni na kuanika kwenye majani, akipiga pasi barazani. Alifua nguo za maofisa, shuka za hospitali, kanzu za wenye maduka, na suruali za makuli zilizokakamaa kwa jasho. Bandari ilipotaka ardhi, mwaka 1949, tulihamia hapa Temeke, na yeye akabeba jiwe lake la kufulia kwenye mkokoteni kabla hajabeba kitanda.

Mwaka 1938, ndege kubwa za posta zilipokuwa zikitua bandarini, alinichukua twende tukaone. Watu walishangilia mabawa. Yeye aliangalia suruali za marubani walipokuwa wakishuka kwenye mashua. Zilikuwa nyeupe tupu. Akanigeukia akasema, "Ahaa. Wamebadilisha mafuta." Kisha akataka turudi nyumbani, maana alichokwenda kuona alikuwa ameshakiona.

Jumamosi tarehe 7 Juni 1924 alifunga ndoa na Felicitas, binti wa Mzee Apolinari, karani kutoka Bukoba. Mzee Apolinari alipokea mahari kwa mikono miwili, na siku ya harusi ukoo wake ulikuja na sahani zao na maji yao ya kunywa. Walisema hawawezi kula kwa mtu anayeshika nguo za ndani za watu. Mama alilia siku hiyo, akanisimulia nikiwa mkubwa. Marehemu alikula chakula chake akamaliza, akawashukuru kwa kuja.

Lakini kuleta nguo, walileta. Hapo ndipo ninaposhindwa kumeza. Maji ya nyumba yetu yaliwatia kinyaa, ila mashati yao yaliyofuliwa kwa maji hayo waliyavaa ofisini na kanisani. Miaka thelathini mjomba Gozbert alisimama mlangoni kwetu na kifurushi chake, mguu mmoja nje.

"Shikamoo mjomba. Karibu ndani," nilimwambia kila mara, maana ndivyo nilivyolelewa.

"Marahaba, mwanangu. Siingii, nina haraka. Mwambie shemeji kola aitie wanga mwingi."

Basi ikaja Juni ya mwaka jana, sherehe za kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza. Waliotumika katika vita vile vya kwanza waliitwa uwanjani wakasimama mstari, na baba akiwemo. Mtangazaji alisema kwenye kipaza sauti kwamba mzee huyu alitumika na ndege za vita Mafia. Hakusema zaidi. Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, kinywani mwa mjomba Gozbert, shemeji yake dobi alikuwa amekuwa rubani. Mwezi haukwisha ameshaangusha mabomu. Watu ambao hawakuwahi kumpa mkono walimshika bega ili wapigwe picha naye.

Marehemu alijaribu kuwarudisha. Nilikuwepo.

"Shemeji, mie nilifua," alisema. "Waambie nilifua."

"Hayo yaache, Albano," mjomba alimjibu kwa sauti ya chini, akitabasamu kwa ajili ya waliosimama karibu. "Watu wanasikiliza."

Usiku ule baba hakula. Alimwambia mama kwamba maisha yake yote walikuwa wakimwonea haya, na hilo alilizoea, lakini sasa wamemfuta kabisa na kumweka mtu mwingine ndani ya shati lake. Ninayasema haya mbele ya jeneza lake kwa kuwa yeye aliyasema, na hakuna aliyemsikiliza.

Alianza kuugua Jumatatu tarehe 21 Juni mwaka huu, tumbo la kuhara damu. Alilazwa hospitali siku chache, akaomba arudishwe kwake. Wiki ya mwisho hakuweza kuinuka. Ugonjwa wake mnaujua ulivyo, na ndiyo sababu wengi wenu mliishia uani. Mama, mwanamke wa miaka hamsini na tatu, alimgeuza peke yake mpaka nilipofika kutoka shule ninakofundisha Kipawa. Mzee Hashil, mwenye duka la jirani ambaye amemuuzia sabuni tangu tuhamie, alikuja kila siku akachukua zile shuka bila kuulizwa, akazifua kwenye karo lake mwenyewe, akazirudisha zimekauka. Mama alipomwambia, "Mzee Hashil, wewe ni mtu mzima, hii si kazi yako," alijibu, "Mama, na hii si kazi ya nani?"

Albano Nambunga alifariki alfajiri ya Jumanne tarehe 13 Julai 1954, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama.

Kulipokucha alitakiwa aoshwe. Kwa desturi yetu, maiti ya mwanamume huoshwa na wanaume wa ukoo, na hapa mjini wanaume wa ukoo ni mashemeji. Walikuwa saba, wamekaa kwenye mkeka. Nilitoka nikawaomba. Mmoja alisema mgongo unamuuma, mwingine akajifanya anawasha kiko. Mjomba Gozbert alikuwa na leso puani, imetiwa marashi.

"Mwanangu, harufu ile siiwezi," aliniambia. "Tafuteni watu. Mie nashughulikia msalaba. Unaonaje, mabawa tuyapake rangi ya fedha?"

Jibu lililonijia halisemwi na binti kwa mjomba wake. Aliyemwosha marehemu ni Mzee Leodegar, dobi mwenziwe wa Mtoni, na Mzee Hashil alimchotea maji na kumshikia beseni. Walimwosha kama walivyomjua, bila kuacha kitu. Kisha Leodegar alichukua shati jeupe akalipiga pasi upya kabla ya kumvika, maana hakuridhika na mkunjo wa mkono wa kushoto.

Uchafu wa mgonjwa haunitii kinyaa, wapendwa. Unafuliwa, na maji yakimwagwa yamekwisha. Kinachonitia kinyaa ni mtu kukaa uani na leso puani akichagua rangi ya mabawa ya ndege, wakati marehemu wake amelala ndani hajaoshwa. Kinanitia kinyaa kwa sababu hamkumpenda huyo rubani pia. Mlimtaka mpate jamaa wa kusimulia.

Ule msalaba wa ndege uko nyuma ya nyumba, na mwenyewe atajua pa kuupeleka. Unaosimama hapa ameutengeneza Mzee Leodegar, na mama ameukubali. Umeandikwa: Albano Nambunga, Dobi, 1895 hadi 1954.

Marehemu ameacha mjane, mama Felicitas, binti, ambaye ni mimi, mkwe, Didas, wajukuu wawili, na dada mmoja kule Lukuledi ambaye habari hii bado iko njiani kwake. Ameacha Mzee Leodegar na Mzee Hashil, ambao kuanzia leo katika nyumba yetu wanaitwa ndugu wa marehemu. Ameacha mashemeji wengi.

Ameacha na nguo zenu. Alizimaliza zote kabla ugonjwa haujamlaza: mashati, makoti, kanzu za wanakwaya. Zimekunjwa mezani chumba cha ndani, na tangu augue hakuna aliyezifuata. Shati la mjomba Gozbert limo. Mama ameniagiza niwaambie kwamba baada ya mazishi hatutamtolea mtu nguo mlangoni. Mlango utakuwa wazi. Mwenye nguo yake aingie ndani, apite kitandani alikofia, aichukue kwa mkono wake.

Mungu amlaze Albano mahali pema, apumzike kwa jina lake mwenyewe. Amina.