Hilary Ormerod, Aliyepiga Kura ya Hapana

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Hii ndiyo nusu saa yetu ya kuwataja waliotutoka, na leo tunamtaja Hilary Ormerod. Alifariki tarehe sita Februari, akiwa na miaka sabini na sita. Alikuwa mkunga, na kwa miaka ishirini na mmoja alikuwa katibu wa chama cha wanawake waogeleaji wa hapa Askerby. Wengi wenu mlizaliwa mikononi mwake. Wengi zaidi mliwahi kufokewa naye.

Ziwa letu mnalijua. Kaskazini, nyuma ya uzio, ni kwa wanawake tu. Kusini ni kwa yeyote. Na sheria ya majira ya baridi mnaijua pia: kuanzia Novemba hadi mwisho wa Machi, hakuna mwanachama anayeingia majini bila mwenzake. Sheria hiyo aliiandika Hilary, mwaka ule Bi Pargeter alipozama hatua chache kutoka ngazini. Hakupiga hata kelele. Baridi ilimkamata tu.

Miaka minane iliyopita, Rosalind Threlfall aliomba uanachama. Rosalind ni fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto. Alizaliwa akaandikwa mvulana. Alipofika miaka arobaini na mitatu alianza kuishi kama mwanamke, na ndivyo anavyoishi hadi leo. Nusu ya wanachama walikuwa na namba yake ya simu jikoni. Kumwita nyumbani mtambo ukizima Januari, hilo halikuwa na mjadala. Kumruhusu apite langoni, hapo mji uligawanyika.

Tukaitisha mkutano. Nasema tukaitisha kwa sababu nami ni mwanachama. Thelathini na mmoja walisema aingie. Thelathini na mmoja walisema hapana. Kwa desturi yetu katibu hapigi kura, ila kura zikiwa sare. Kwa hiyo watu wote wakamgeukia Hilary.

Hilary alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Akasema, "Hapana." Kisha akauliza kama kuna ajenda nyingine.

Sababu yake alikuwa mdogo wake, Glenys. Glenys aliishi miaka kumi na tisa na mume aliyempiga. Alipoondoka kwake, hakuweza tena kuvua hata koti karibu na mwanamume. Nyuma ya uzio ule ndiko alikorudi kuogelea, na Hilary alikuwa amemwahidi kwamba hakuna aliyezaliwa mwanamume atakayepita pale. Glenys ameniambia hivi: "Simchukii Rosalind. Mwili wangu ndio unaokataa, na mimi siuamrishi."

Nilimpelekea Rosalind maneno hayo. Akasema, "Namwelewa. Lakini na mimi nina mwili, mama. Ilinichukua miaka arobaini na mitatu kuweza kuutoa mbele za watu."

Basi Rosalind akawa anaogelea kusini. Majira ya baridi huko hakuna mtu. Asubuhi moja ya Desemba, Hilary alikuwa majini upande wetu, akihesabu vichwa kama kawaida yake. Ng'ambo aliona kichwa kimoja chenye kofia ya rangi ya chungwa. Kimoja tu. Akatoka majini, akavaa koti juu ya nguo mbichi ya kuogelea, akatembea kuzunguka ziwa. Ni mwendo wa nusu saa. Alifika midomo ikiwa ya buluu.

Rosalind anayakumbuka mazungumzo yale yote.

"Uko na nani?" Hilary aliuliza.

"Na bata hao."

"Acha mzaha wako. Kesho saa moja na nusu nisubiri hapa. Usitie mguu majini kabla sijafika."

"Si wewe uliyenizuia?"

"Ndiyo, mimi. Na wakinipigisha kura tena leo, nitakuzuia tena. Lakini kufa maji sikukupigia kura."

Kesho yake saa moja na nusu alikuwepo. Na keshokutwa. Wasikilizaji, alikuwepo majira saba ya baridi. Saba. Katibu wa chama cha wanawake, aliyepiga kura ya hapana, aliacha upande wake kila Novemba akaenda kuogelea na mwanamke aliyemfungia lango. Waligombana sana. Rosalind alioka keki ya tangawizi. Hilary akasema inafaa kuzuia mlango usifungwe na upepo, kisha akala vipande vitatu. Majira ya tatu Rosalind alimwomba abadilishe msimamo. Hilary akajibu, "Nilimwahidi ndugu yangu. Ogelea." Wakaogelea.

Sasa niseme la kwangu. Mimi nilikuwa kati ya wale thelathini na mmoja waliosema aingie. Nilinyoosha mkono juu kabisa. Na katika majira yote saba sikwenda kusini hata asubuhi moja. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda. Tulikwisha kupiga kura nzuri, tukarudi kwenye chai yetu. Naona haya kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka jana, Oktoba, moyo wa Hilary ulianza kuchoka. Daktari akamkataza maji baridi. Mwishoni alilazwa, na Glenys alikaa naye kila siku. Jioni moja Glenys alimuuliza anataka nini. Alidhani atasema supu.

Hilary akauliza, "Rosalind anaogelea na nani?"

Glenys akasema hajui. Hilary akafumba macho.

"Hakuniomba," Glenys ameniambia. "Ananijua. Angeniomba, ningekataa."

Maziko yalikuwa siku ya Ijumaa. Jumatatu iliyofuata, saa moja na nusu, Rosalind alifika kusini akakuta mwanamke amesimama ufukweni, koti limefungwa hadi kidevuni. Alikuwa Glenys. Hakuwa amewahi kufika upande ule maisha yake yote.

"Geuka kule," Glenys alisema.

"Nimegeuka."

"Usigeuke mpaka niseme."

Rosalind anasema alisubiri muda mrefu sana, akitazama maegesho ya magari. Siku ile Glenys aliishia magotini. Alisimama pale, akitetemeka, macho kwenye ile kofia ya chungwa, mpaka Rosalind alipomaliza kuogelea. Jumanne alifika kiunoni.

Mwezi ujao chama kinakutana. Ombi la Rosalind limerudishwa mezani. Nilimuuliza Glenys atapigaje kura. Akasema hajui, na nisimsumbue.

Tunawapa pole Glenys na ukoo wote wa Ormerod. Tunampa pole Rosalind Threlfall, ambaye jina lake halikuandikwa kwenye tangazo la msiba. Na ninyi mlionyoosha mikono siku ile, kwa upande wowote, tafakarini: baada ya kura, mlikwenda wapi? Mimi jibu langu mmeshalisikia. Glenys, mwenye hofu kutushinda sote, anakwenda kila asubuhi.