Historia ya Marehemu Yavor Kalchev, Aliyeuza Barua Zisizosomeka

Padri, jamaa na majirani mliosimama hapa makaburini, mimi ni Plamen Kalchev, kaka wa marehemu, tarishi wa posta wa mji huu wa Ruse kwa miaka thelathini na moja, nimekabidhiwa historia hii niiandike na niisome, na nitaisoma yote, hata pale inaponichoma.

Marehemu Yavor alizaliwa hapa Ruse tarehe 14 Februari 1968, sikukuu ya kupogoa mizabibu, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Stoyan na mama Nedyalka, mimi nikiwa na miaka mitatu, na naikumbuka siku niliyoshushwa mapajani mwa mama ili apakatwe yeye, anayetaka kucheka acheke.

Alianza shule mwaka 1975, akahitimu ufundi wa redio mwaka 1986 akiwa wa kwanza darasani, nami niliyekuwa wa kumi na tisa darasani kwangu nikaambiwa nimpigie makofi, nikapiga. Alifunga ndoa na Denitsa tarehe 8 Septemba 1996, wakajaliwa binti mmoja, Kalina, na tangu mwaka 2012 Denitsa amekuwa ng'ambo, mjini Bologna, akitunza wazee, baadaye Kalina akamfuata.

Kwa miaka mingi alitengeneza televisheni, hadi Machi 2015 alipofungua duka lake karibu na soko kuu, akawa wakala wa barua pepe za siri na laini za simu zisizofuatiliwa, wateja wake wakiwa wanasheria, mwandishi wa gazeti, wanawake waliokimbia waume wakorofi, na mabibi waliochoka kutapeliwa kwa simu. Kila mteja alipewa maneno kumi na mawili ya kufungulia barua zake siku akipoteza nenosiri, akayaandika kwa mkono wake mwenyewe, na Yavor aligeuza kiti chake akatazama ukuta mpaka karatasi ikunjwe na kutiwa mfukoni.

Mimi niliyejua kwa kuiangalia bahasha tu nani anadaiwa na nani ana mtoto Ujerumani, niliyekuwa nikisubiriwa getini nitoe habari, nikawa napitwa na watu walioinamisha vichwa wakielekea kwa mdogo wangu, na wivu ulinikaba, nalisema hili mbele ya jeneza lake.

Juni 2021 niligundua kwamba mke wangu Ginka, muuguzi, naye ni mteja, na kila Alhamisi anachelewa kurudi, nikaenda dukani nikamwambia Yavor anifungulie barua za mke wangu.

"Kaka, siwezi. Hata ningetaka, ufunguo anao mwenyewe. Kamuulize."

"Wewe ni mdogo wangu au mdogo wake?"

Tangu siku hiyo hatukusemezana, hata mayai ya Pasaka, ambayo kwa desturi yetu ndugu hugonganisha pamoja, tuligonganisha kila mtu kwake.

Tarehe 27 Oktoba mwaka huu, Ginka akianika nguo, niliichukua simu yake, nikabonyeza kwamba nimesahau nenosiri, nikaweka jipya, sanduku likafunguka, lakini barua zote za zamani zilikuwa zimefungwa, maana nenosiri jipya halifungui barua za kale bila yale maneno kumi na mawili. Ginka aliponikuta alisema tu, "Haya mzee, umeshiba?"

Marehemu aligundulika kuwa na saratani ya damu Mei 2021, akatibiwa hapa mjini kila Alhamisi, na alifariki Jumanne tarehe 5 Novemba 2024 alfajiri, akiwa na miaka hamsini na sita, mkewe na bintiye, waliokuwa wamerudi kutoka Bologna, wakiwa kando yake. Mimi nilipata habari saa sita mchana nikiwa kazini, kwenye tangazo la kifo lililobandikwa kwenye nguzo, nikiwa na mfuko mzima wa barua za watu wengine begani.

Jana Ginka alitoa ile karatasi ya maneno kumi na mawili kutoka chini ya mitungi ya pilipili, akazifungua barua, akanisogezea simu. Zilikuwa zimeandikwa na Yavor, zote habari za damu, dripu, na supu aliyopelekewa na Ginka kila Alhamisi akashindwa kuimaliza. Moja ilisema, "Usimwambie kaka. Akijua Jumatatu, kufika Jumatano mji mzima utaniletea kuku na wateja watakimbia." Ya mwisho, ya tarehe 20 Oktoba, ilisema, "Historia yangu asome kaka. Habari za kila mtu amezipeleka yeye, za kwangu nilimnyima. Mpe hii moja aipeleke."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochemsha ngano tunayogawiana msibani, wenzangu wa posta, nanyi wateja, ambao kila mmoja hapa anajifanya hamjui mwenzake, nimewahesabu, mko wengi kuliko watakaokuja kunizika mimi.

Yavor, mdogo wangu, leo asubuhi Denitsa alinipa ufunguo wa duka, nikaingia, nikakikuta kile kiti bado kimegeukia ukuta, nikakikalia mpaka kengele ya kanisa ilipolia, sikugeuka. Pumzika kwa amani.