Reli ya Bunduki ya Masalu

Pale Kagongwa, ubavuni mwa karakana ya kuchomelea vyuma, kuna benchi lililoundwa kwa mbao za lori bovu. Alasiri hiyo Masalu alikuwa hakaliki. Anakwenda mpaka barabarani, anatazama jua, anarudi. Kijiweni wanamwita Jicho, jina la enzi zile alipokuwa akimwona swala kabla swala hajamwona yeye. Siku hizi hata simu anaisogeza mbali ndipo aisome. Ndiyo maana akanunua darubini ya bunduki pamoja na reli yake, kile kipande cha chuma kinachofungwa juu ya bunduki ili darubini ipate pa kukaa. Kule Didia fisi walikuwa wamemlia Mama Esta ndama wawili. Bwana nyama alishatoa kibali, na Masalu alishaahidi kufika zizini kabla ya giza. Reli ilikuwa imefungwa, darubini imekaa. Ila komeo la bunduki, kile chuma kinachovutwa ili kuingiza au kutoa risasi, lilikuwa halifunguki.

— Juzi lilikuwa linafunguka, alisema Masalu. Umefunga reli, limegoma.

Amosi, fundi wa mashine za kusagia mawe ya dhahabu, ambaye hapo huitwa Karasha kwa jina la mashine hizo, hakuinua uso kikombeni.

— Usinisingizie, kaka. Nimekaza mpaka chuma kikalia, nikatia na gundi. Karasha inatikisika kutwa nzima, na boliti yangu hata moja haijadondoka.

— Bunduki si karasha.

— Ukipiga haitikisiki?

— Inatikisika.

— Haya sasa.

Feisal, muuza kahawa, alichochea makaa.

— Skrubu zote ni zake?

— Tatu ni zake, alisema Karasha. Moja ilipotelea mchangani, nikaweka ya karasha. Ni ndefu kidogo. Ndefu inashika zaidi.

Masalu alisimama ghafla.

— Si ndiyo imeingia ndani ikabana komeo? Itoe.

— Kichwa chake kimeshalika, bisibisi haishiki. Na gundi ile haiachii. Ndiyo uzuri wake.

Masalu akaenda barabarani tena. Aliporudi, Deusdedit, anayeitwa Redio kwa kutonyamaza, alikuwa ameshaikamata bunduki.

— Skrubu mnaionea bure, alisema Redio. Hili ni vumbi la machimbo ya Mwakitolyo. Vumbi la dhahabu ni zito, likiingia kwenye chuma linaganda.

— Bunduki haijafika Mwakitolyo, alisema Masalu.

— Karasha amefika. Amekuja nalo kwenye kucha.

— Kucha zangu ziache, alisema Karasha.

— Basi ni wale fisi. Fisi wa Didia wana mwenyewe, wanafugwa. Mwenyewe amesikia Jicho kanunua darubini, akaifunga bunduki huko huko aliko, amelala zake.

Huku akisema, Redio alipachika jicho kwenye darubini na kuuzungusha mtutu taratibu mtaani.

— Loo, chombo hiki. Namwona Zakia pale saluni anasuka. Naona mpaka mstari wa kichana. Feisal, hebu cheka. Una jino bovu, ndugu yangu.

Feisal alicheka. Redio akailaza bunduki benchini, mdomo wa mtutu ukielekea kwenye birika la Feisal.

Pikipiki ikasimama. Akashuka Mama Esta, kanga imejaa vumbi la njiani.

— Shikamoo, mama, walisema.

— Marahaba. Masalu, jua hilo linashuka. Nimekufuata mwenyewe.

Wakamweleza, kila mmoja na lake: gundi, vumbi, mwenye fisi. Mama Esta alisikiliza huku akitazama bunduki.

— Risasi imo?

Karasha akamtazama Redio. Redio akamtazama Masalu.

Masalu alijitahidi kukumbuka. Juzi, kule zizini kwake mama huyu huyu, alipakia risasi, akangoja, macho yakamshinda, akarudi nyumbani akiwa na hasira. Aliitoa? Mkono wake ulikumbuka kuiingiza. Kuitoa haukukumbuka. Na kutazama kama imo, mpaka komeo lifunguke.

Feisal alilishika birika kwa ncha za vidole, akalihamisha taratibu. Ng'ambo ya barabara Zakia aliendelea kusuka, na Redio hakuweza kumtazama.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Masalu alikaa, chini kabisa, mchangani.

— Sijui, mama.

Mama Esta alizunguka benchi mpaka nyuma ya kitako cha bunduki.

— Basi nipeni hayo makaa, alisema. Leo nitakesha zizini na moto wangu.