Mwalimu Mukai na Mlango wa Paa

Wachungaji, jamaa na majirani, familia imemtuma Wambua, ndugu mdogo wa marehemu, awasomee maisha ya dada yake, na imemwomba asome kwa upole, jambo ambalo atajaribu.

Mwalimu Mukai alizaliwa Mbooni tarehe 3 Machi 1949, kifungua mimba wa mzee Mutie na mkewe Kavindu, akasomea huko huko hadi alipojiunga na chuo cha ualimu, na mwaka 1971 akaletwa Nairobi kufundisha jiografia katika shule moja ya msingi ya Ngara, ambako alishika chaki hadi alipostaafu mwaka 2004.

Tarehe 18 Agosti 1973 alifunga ndoa na Mwololo Kitavi, mchoraji ramani serikalini, wakajaliwa watoto wawili, Nzembi na Quincy, wakanunua nyumba hapa Kilimani, enzi hizo kukiwa na miti mingi kuliko watu, na mwaka 1986, ile nyota yenye mkia ilipopita, Mwololo akanunua darubini ndogo kwa familia moja ya Parklands iliyokuwa ikihama. Tangu hapo, kila Jumamosi mbingu zikiwa safi, darubini ilisimamishwa hapa uani, chai ikachemshwa, majirani wakapanga foleni kutazama pete za Zohali, na Quincy akapandishwa juu ya stuli na mama yake ili jicho lake lifike.

Mwololo alifariki mwaka 2012, naye Mwalimu akaendelea na Jumamosi zake, mpaka mwaka 2019 Quincy alipomjia na michoro ya ghorofa saba za kujengwa uani, na mama akasita, kwa kuwa huo ndio upande mwezi unakochomoza. Quincy akaahidi mbele yetu sote, huku akila kuku wa mama yake, kwamba paa litakuwa la mama, atapanda kwa lifti na darubini yake, na kwa ahadi hiyo tu Mwalimu akatia sahihi. Jengo likaisha mwaka 2023, paani pakawekwa matangi na mlingoti wa kampuni ya simu, mlango wa chuma ukafungwa, ufunguo ukakaa mfukoni mwa Quincy, na mama kila alipouliza aliambiwa angoje kidogo.

Moyo wake ulianza kumsumbua Januari mwaka huu. Tarehe 7 Septemba, usiku ambao mwezi mzima ulipatwa, alimpigia mwanawe simu mapema, naye akajibu kwamba yuko njiani na ufunguo, basi Mwalimu akapanda kwa lifti, akaketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya ule mlango, darubini mapajani, na kila alipopiga tena Quincy alikuwa njiani, mara yuko kwenye maduka ya Yaya, mara yuko hapo kwenye kona. Bi Zainab Shee, mpangaji wa ghorofa ya saba, anasimulia kwamba alitoka akamwambia mwezi umeshakuwa mwekundu, akamsihi aje autazame kwenye roshani yake, hatua chache tu kutoka hapo, na Mwalimu akakataa.

"Nikiondoka hapa," alisema, "Quincy atakuja anikose."

Mwezi ukawa mweupe tena, Bi Zainab akamrudisha chini, na Quincy hakuja usiku ule wala kesho yake. Jambo hili linauma, na familia haitajifanya kwamba haliumi. Marehemu mwenyewe hakutoa neno la lawama, alifunika darubini kwa leso na hakuifunua tena, hadi moyo ulipomshinda alfajiri ya tarehe 19 Novemba, Nzembi akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Parklands waliomhudumia, walimu wenzake wa Ngara, majirani wa zile Jumamosi, na zaidi ya wote Bi Zainab, ambaye Nzembi ameamua apewe ile darubini. Quincy, kwa wale wanaomtafuta kwa macho, amepiga simu asubuhi hii kusema yuko njiani. Gari la kwenda Mbooni linaondoka saa nne kamili, na familia imekubaliana kwamba halitamngoja.

Pumzika sasa, Mwalimu, safari hii huna mtu wa kungoja.