Mama wa Jukwaani

Kwenye treni, dada mmoja alikuwa akimhadithia mama aliyeketi karibu naye mchezo wa jukwaani aliouona jana, uliotokana na kitabu cha mchekeshaji kuhusu utoto wake.

"Mama yake alikuwa moto wa kuotea mbali! Alimfungia viatu kabatini asiende kuimba."

"Viatu vilikuwa vyangu," mama akasema. "Vya harusi."

Dada akamgeukia. Mimi, niliyeketi mbele yao, nikajificha nyuma ya gazeti, masikio nje.

"Shikamoo, mama. Ila kitabuni hakuandika hivyo."

"Marahaba. Ataandikaje, na kisigino alikivunja yeye? Huyo anayeniigiza, mnene?"

"Kiasi."

"Na mwishoni, nani anapigiwa makofi zaidi?"

"Wewe, mama."

Treni ikasimama. Mama akashuka kuelekea ukumbi wa mchezo ule, karibu akimbie.