Mzee Bigirimana na Waya wa Chofaji

Ijumaa hii, tarehe 28 Februari 1992, Mzee Joachim Bigirimana anavua ovaroli baada ya miaka ishirini na saba katika gereji yetu ya Gatsata, hapa Kigali. Aliingia mwaka 1965 akitokea mji wa Ngozi, kazi yake ikiwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Anatoka akiwa fundi mkuu wa umeme wa magari, na madereva wote wa Nyabugogo wanayajua masharti yake.

Sharti kuu: boneti haifunguliwi kabla mwenye gari hajaiga kwa mdomo kelele anayoilalamikia. Mwaka jana bwana mmoja mkubwa wa ofisi za Kiyovu, na tai yake shingoni, alisimama katikati ya uwanja akinguruma kama giaboksi. Mzee alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akamwomba arudie gia ya tatu. Sisi wengine tulikuwa nyuma ya lori, tumeziba midomo.

Amefundisha mafundi kumi na mmoja. Wanne wana gereji zao, na bado wanamletea magari yaliyowashinda, wakipitia mlango wa nyuma ili wateja wao wasiwaone.

Shefu Muhire, mkuu wa gereji, ameniomba mimi, mpiga chapa wa ofisi, niandike haya ya kumuaga kwa kuwa nilisoma msingi kwa Kiswahili kule Bukavu na sekondari kwa Kifaransa hapa Kigali. Nina miaka kumi na saba, na mbele ya watu sauti yangu hupotea. Kwenye karatasi ninaweza. Kwa hiyo nitasimulia siku moja ya Januari ambayo wengi wenu mnaijua nusu tu.

Asubuhi hiyo Sista Spès alileta pikapu nyeupe ya zahanati yao, gari la mwaka 1978. Feni ya chofaji, kile kifaa cha kupasha joto ndani ya gari, haikupuliza hata kidogo. Fundi mmoja, simtaji, alicheka: "Sista, chofaji iko na kazi gani na hili jua?"

"Jua ni lenu," alijibu Sista. "Mimi ninapita msitu wa Nyungwe. Kioo kinajaa ukungu, ninaendesha kichwa kiko nje kama mbuzi wa sokoni. Juzi nimeona lori ya chai ikiwa imeshafika puani."

Alipaswa kurudi mchana huohuo na chanjo za watoto. Mzee alikuwa ameenda Nyabugogo kutafuta vipuri, basi Shefu akachungulia mwenyewe chini ya dashibodi. Akakuta waya wa feni umekatwa. Mtu wa mwisho kuihudumia pikapu hiyo, mwezi wa Novemba, alikuwa Sibomana, mwenye miaka miwili tu hapa kwetu.

"Ni wewe uliukata," alisema Shefu.

"Shefu, mimi nilimwaga oili na kufunga breki. Huko sikugusa."

"Waya haujikati. Kesho usije."

Kisha akanituma nilete fishi zote za gari hilo, zile kadi tunazoandikia kazi zilizofanywa. Nilizikuta mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Novemba, kazi ya Sibomana: oili na breki. Ya pili ilikuwa ya mwaka 1984, kwa mwandiko ninaoufahamu kuliko wangu: "Waya wa feni ya chofaji umehamishiwa redio. Chofaji haitumiki." Chini yake, sahihi ya Bigirimana.

Nilipeleka ya kwanza. Nyingine niliisukuma chini ya mashine ya chapa. Niliwaza kwamba Mzee amebakiza wiki chache, aage bila doa, na kwamba Sibomana bado kijana, atapata kazi kwingine. Niliwapima watu wawili kama misumari. Kwa saa mbili nzima nilipiga chapa barua moja na kuikosea mara nne.

Saa nne Mzee alirudi, akasimuliwa. Alikagua fyuzi: nzima. Akaweka taa ya kupimia kwenye swichi: haikuwaka, umeme haufiki. Akavuta waya kutoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye mota. Feni iliamka kwa nguvu ikatema vumbi na majani makavu ya miaka minane, yote kwenye shati jeupe la Shefu. Sista alicheka hadi akashika mlango.

"Mota haina kosa," alisema Mzee, akaingia chini ya dashibodi, tukabaki tunaona viatu. Alifuata waya uliokatwa hadi ulikounganishwa nyuma ya redio. Kiungo kilikuwa kimefungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, juu yake uzi mwekundu wa kushonea. Hakuna mwingine Kigali anayefunga hivyo. Uzi ni wa cherehani ya mkewe, Mama Gaudiose.

Angeweza kuukata uzi ule akautia mfukoni. Alitoka nao mkononi.

"Muhire, huyu kijana muache. Hii ni mkono yangu. Gari ilikuwa ya tajiri wa Remera, alitaka redio ya kusikiliza mpira. Hapa mjini chofaji tunaifanya stoo ya waya, sisi wote. Sikufikiri gari itauzwa, iende kwenye baridi." Kisha akaongeza: "Ulimfukuza mbele ya watu. Mrudishe mbele ya watu."

Shefu, na vumbi lake usoni, alimwomba Sibomana msamaha pale uwanjani. Sista aliondoka saa sita, waya wa feni umerudi mahali pake, redio ikiwa na waya wake na fyuzi yake. Siku tatu baadaye alituma salamu: amevuka Nyungwe kioo kikavu, ila kishikio cha kuzimia joto kimekwama na miguu yake imeiva.

Jioni ile nilimpelekea Mzee fishi ya 1984, yeye peke yake, nikamwambia niliiona tangu saa mbili asubuhi. Aliisoma, akaikunja. "Binti yangu, mimi ningevumilia aibu. Yule angekosa kazi," alisema. Hakumwambia mtu hadi leo.

Karatasi hii ataisoma Sibomana kwenye sherehe, kwa niaba yangu. Nimempa ikiwa ndani ya bahasha iliyofungwa. Kaka Sibomana, sasa umefika hapa: nisamehe. Ukitaka kunyamaza kidogo kabla ya kuendelea, watu watangoja.

Mzee Bigirimana, asante kwa mafundi uliotuachia na kwa ukweli wako mbele ya uwanja mzima. Mama Gaudiose amesema hataki injini sebuleni, tunajua utajaribu. Ukapate afya, usingizi wa asubuhi, na wageni wengi wanaotoka Gatsata.