Zachariah Kisang, Fundi wa Bunduki Aliyetaka Kupukuchua Mahindi

Mchungaji, ndugu na marafiki mliofika hapa Ruwi, Maskati, kumuaga mwenzetu kabla ya safari ya kwao, historia hii imeandikwa na mjane wake, Bi. Pauline, naye ameomba isomwe kama ilivyo, bila kupambwa.

Marehemu Zachariah Kisang alizaliwa tarehe 11 Aprili 1954, kijijini Kaptarit, bonde la Kerio, nchini Kenya, akiwa kifungua mimba, akafuatwa na ndugu mmoja tu, Fidel, ambaye Zachariah alimbeba mgongoni mpaka mdogo huyo akajua kukimbia. Alianza shule ya msingi mwaka 1962, akamaliza kidato cha nne mwaka 1973, na mwaka uliofuata akajiunga na jeshi, ambako wepesi wa mikono yake ulionekana mapema, akafanywa fundi wa silaha.

Huko ndiko alikoijua AK, iliyoletwa karakana pamoja na bunduki nyingine zilizokamatwa mpakani, akaifungua na kuifunga mara nyingi hata akawa anafanya hivyo huku akipiga soga. Alisoma pia habari za aliyeiunda, Mikhail Kalashnikov, mtoto wa wakulima wa Urusi, askari wa vifaru aliyejeruhiwa vitani mwaka 1941, akaanza kubuni silaha akiwa kitandani hospitalini, na bunduki yake ikapokelewa na jeshi la nchi yake mwaka 1949. Zachariah alimpenda mtu huyo, wala hatutaficha, alimwona fundi mwenzake, aliyeunda kitu chenye vipande vichache, kisichochagua matope wala mchanga.

Tarehe 5 Desemba 1981 alifunga ndoa na Pauline, wakajaliwa watoto wawili, Rachael mwaka 1983 na Yano mwaka 1986. Alistaafu jeshi mwaka 1992, na mwezi Septemba 1994 akaja Maskati, akaajiriwa katika kiwanda cha pampu za maji kule Rusayl, chini ya mkuu wa karakana, Bwana Msellem, Mwomani aliyezaliwa Unguja, na wawili hao wakabishana kwa Kiswahili miaka kumi na mitatu, kila mmoja akidai Kiswahili cha mwenzake kimepinda.

Miaka hiyohiyo AK ilikuwa imeshuka bondeni kwao, na wizi wa ng'ombe uliofanywa zamani kwa mishale ukageuka kuwa wa kumaliza boma zima. Mwaka 1998 Fidel alitoa mitamba wawili akapata bunduki yake, Zachariah akamwandikia airudishe, na Fidel akajibu kwamba anayelala Uarabuni hawezi kumfundisha anayelala mlangoni pa zizi.

Tarehe 9 Machi 2001, saa kumi alasiri, Zachariah aliitwa kwenye simu ya kiwanda. Alikuwa Fidel, akipiga kutoka sokoni, wavamizi wameonekana mlimani, na bunduki ambayo dunia nzima inasema haikwami ilikuwa imekwama.

"Kaka, hii chuma imekataa. Wewe ndio fundi. Niambie tu nishike wapi."

Zachariah alijua, sentensi moja ingetosha, lakini alisema, "Sikuambii. Mchukue mama na watoto, mvuke mto sasa hivi."

"Basi kaa na ufundi wako," Fidel akajibu, akakata simu.

Mama na watoto aliwavusha, kisha akarudi kulinda ng'ombe, na kesho yake alikutwa amelala kando ya ile bunduki, ikiwa bado imekwama. Alizikwa kabla Zachariah hajapata ndege.

Tangu hapo mume wa Pauline alikuwa mtu wa hasira, hasira isiyopata wa kumwangukia. Alimwandikia yule mzee wa Urusi barua nne, akiuliza jambo moja tu, kama usingizi unamjia, na hakuna jibu lililorudi, wala hakujua kama zilifika. Mwaka 2002 alisoma gazetini kwamba mzee huyo amesema heri angebuni mashine ya kuwasaidia wakulima, mfano ya kukata nyasi, akalitupa gazeti juu ya meza ya kazi.

"Nani alimkataza?"

"Nawe je, Zakaria," Bwana Msellem akamwuliza, "nani anokukataza?"

Hapo ndipo ilipoanza mashine ya kupukuchua mahindi kwa mkono, iliyoundwa kwa vyuma chakavu baada ya saa za kazi. Ya kwanza, ya mwaka 2003, ilisaga punje na magunzi pamoja. Ya pili ilifika Kaptarit mwaka 2005, ikafanya kazi wiki tatu, kisha mjane wa Fidel akatuma ujumbe kwamba inataka mahindi makavu kama mifupa, nao huvuna mabichi kwa kuwahi wavamizi, kwa hiyo wamerudia fimbo. Zachariah alipiga teke toroli la kiwandani, akapaza sauti mbele ya wote, "Ya kuua inakubali matope, ya kulisha inakataa umande!"

Ya tatu hakuimaliza. Mwaka 2006 aligundulika kuwa na kisukari, vidole vikafa ganzi asiweze kushika hata skrubu, figo zikafuata, Pauline akaja kumuuguza mwezi Juni 2007. Tarehe 18 Februari 2008 mgonjwa alimwuliza mkewe, "Ningemwambia?" Pauline akamkumbusha kwamba mama na watoto walivuka. "Hiyo najua," akasema, "sikuuliza hiyo." Asubuhi ya tarehe 19 alifariki dunia hospitalini, ameacha mjane, watoto wawili na mama yake mzazi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Ruwi waliompikia uji, wafanyakazi wenzake wa Rusayl, na kwa namna ya pekee Bwana Msellem, aliyeketi nasi pale nyuma, ambaye kila Ijumaa alivuka milima kutoka Al Amerat kuja kubishana na mgonjwa, mpaka mgonjwa alipokosa sauti ya kujibu.

Hatutasema Zachariah aliondoka akiwa na amani, kwa kuwa hakuwa nayo, na hakupenda kusingiziwa. Swali lako, baba Rachael, sisi hatuna jibu lake, lakini hulibebi tena peke yako, tuachie. Lala sasa, upumzike kwa amani.